Joan La Barbara

Joan La Barbara (alizaliwa Philadelphia, Pennsylvania, 8 Juni 1947) ni mwimbaji na mtunzi wa muziki kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuitumia sauti ya binadamu kama ala ya muziki, nje ya uimbaji uliozoeleka wa maneno. Pamoja na kutunga na kuimba, amefundisha vyuoni, ameandika uhakiki wa muziki na kuendesha kipindi cha redio.

Elimu

La Barbara alisomea uimbaji wa kiklasiki. Miongoni mwa walimu wake walikuwa waimbaji Helen Boatwright, katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na Phyllis Curtin, huko Tanglewood. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha New York.

Mafunzo hayo yalilenga sauti safi ya opera. Yeye alitaka kujua koo linaweza kutoa sauti gani nyingine. Aliwaomba wapiga ala washike noti moja kwa muda mrefu, naye akajaribu kuiga sauti ya kila ala.

Uimbaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliimba katika kundi la Steve Reich. Reich alikuwa amejifunza upigaji ngoma nchini Ghana mwaka 1970, na katika utunzi wake Drumming (1971) waimbaji wa kike huiga midundo ya marimba. La Barbara aliimba sehemu hiyo kwenye rekodi ya utunzi huo. Aliimba pia katika kundi la Philip Glass, na baadaye katika opera za Robert Ashley.

John Cage na Morton Feldman walimwandikia muziki. Three Voices ya Feldman (1982) ina sauti tatu, na zote zinaweza kuimbwa na mtu mmoja: mbili hurekodiwa kwanza na kusikika kupitia spika, ya tatu huimbwa jukwaani. Feldman aliitunga akiwakumbuka marafiki zake wawili waliofariki, mchoraji Philip Guston na mshairi Frank O'Hara.

Utunzi

Tungo zake za kwanza zilikuwa uchunguzi wa sauti yenyewe. Katika Voice Piece: One-Note Internal Resonance Investigation (1974) anaimba noti moja tu, akiihamisha sehemu mbalimbali za kichwa na koo ili ibadilike rangi. Wakati mwingine husikika sauti zaidi ya moja kwa pamoja. Katika Circular Song (1975) anaimba akitoa pumzi na pia akivuta pumzi. Wazo hilo lilitokana na wapiga ala za kupuliza ambao hupumua bila kukatiza sauti.

Hear What I Feel (1974) humtaka mwimbaji akae peke yake kwa saa moja macho yakiwa yamefungwa, bila kugusa kitu kwa mikono. Kisha hupelekwa jukwaani, ambako hugusa vitu asivyovijua vilivyowekwa kwenye vyombo na kutoa sauti kulingana na anavyohisi.

Mwaka 1977 alitunga muziki wa filamu fupi ya alfabeti ya lugha ya ishara kwa kipindi cha watoto cha Sesame Street. Katika filamu ya Alien Resurrection (1997) alitoa sauti ya kiumbe mchanga.

Ufundishaji na redio

Tungo za namna hii ni vigumu kuziandika kikamilifu kwa noti, kwa hiyo rekodi, mafunzo na mazungumzo vina uzito mkubwa katika kuzihifadhi. La Barbara amefundisha katika Taasisi ya Sanaa ya California na Chuo Kikuu cha New York. Aliandikia jarida la Musical America, na huko New Mexico aliendesha kipindi cha redio cha muziki wa kisasa kilichoitwa Other Voices, Other Sounds.

Muziki aliotungiwa sasa huimbwa na wengine pia. Mwimbaji Mwingereza Juliet Fraser, kwa mfano, amerekodi Three Voices.

Maisha binafsi

Ameolewa na Morton Subotnick, mtunzi wa muziki wa kielektroniki. Aliimba katika opera ya mumewe, Jacob's Room.

Tuzo

Mwaka 2004 alipata ufadhili wa Guggenheim, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya John Cage.

Baadhi ya albamu

Voice Is the Original Instrument (1976)
Three Voices for Joan La Barbara (1989)
Singing Through (1990)
73 Poems (1994)
ShamanSong (1998)