Kumchagua Fundi wa Ovaholi kwa Land Rover ya Zamani

Ovaholi ya injini ni kuifungua yote hadi ibaki bloku tupu, kupima kila kipande, kuchonga au kubadilisha vilivyolika, kisha kuifunga upya katika vipimo vya kiwandani. Kwenye magari ya zamani kazi hii mara nyingi huendana na nyingine: kung'oa injini ya awali na kuweka ya aina tofauti, kwa sababu ya nguvu, matumizi ya mafuta au upatikanaji wa spea. Kosa la fundi wa rangi huonekana siku gari linapotoka gereji. Kosa la fundi wa injini laweza kukaa kimya ndani ya chuma kwa maelfu ya kilomita, na linapojitokeza huwa limekwisha kuharibu kranki na pistoni. Mwenye gari hawezi kuliona kwa macho. Anachoweza kukiona ni vipimo, kama fundi amevichukua na kuviandika, na kigezo hicho ndicho kinachotangulia hapa mbele ya bei na hata sifa za mtaani.

Mfano mzuri wa magari hayo ya zamani ni Land Rover za Series II, IIA na III, zilizoundwa Solihull, Uingereza, kati ya 1958 na 1985. Ile ndefu, 109, iliyopewa jina kwa inchi zilizo kati ya ekseli zake mbili, bado inaonekana kwenye barabara za vumbi za Tanzania na Kenya. Injini yake ya petroli iliyoenea zaidi ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Ni ngumu, lakini haifiki nguvu farasi 80 na inakunywa mafuta mno. Ndiyo maana wengi huingiza 200Tdi, dizeli ya turbo iliyotoka mwaka 1989 ndani ya Discovery na kuingia Defender mwaka uliofuata. Ni ya ukoo uleule: kipenyo cha silinda bado ni milimita 90.47, ila mwendo wa pistoni umerefushwa kutoka milimita 88.9 hadi 97. Kwa sababu hiyo hushikana na giaboksi ya Series bila sahani ya kuunganishia. Hata hivyo si zote huingia kwa urahisi sawa. Ile ya Defender turbo yake imekaa juu. Ile ya Discovery turbo imekaa chini, karibu na chesisi, na kwa kawaida hulazimu mabadiliko ya manifoldi. 300Tdi, iliyofuata mwaka 1994, ina vishikio tofauti na hudai uchomeleaji zaidi.

Wapo wanaobaki na injini ya petroli, na uamuzi huo ni wa heshima kwa gari. Lakini injini hiyo ilibuniwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokinga viti vya valvu visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa sokoni kufikia mwanzo wa 2006. Fundi anayeichukua injini hiyo leo bila kuuliza habari ya viti vigumu vya valvu za ekzosi anaendelea na mazoea yaliyopitwa na wakati.

Jambo ambalo wenye magari wengi hulikosa ni kwamba ovaholi haifanywi na mtu mmoja. Kuna fundi mchongaji, mwenye mashine za kubori silinda, kusaga kranki na kunyoosha uso wa hedi. Kuna fundi wa kufunga, anayekusanya vipande na kuvirudisha mahali pake. Kwa dizeli yupo wa tatu, fundi pampu, mwenye benchi la kupimia pampu na nozeli. Gereji nyingi, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Industrial Area jijini Nairobi, zina huyo wa kufunga tu. Bloku na kranki hupelekwa kwa mchongaji, pampu kwa mwenye benchi. Hilo si kasoro. Kasoro ni pale asipojulikana nani anawajibika kwa nini. Injini ikifa, mchongaji atasema ilifungwa vibaya, na mfungaji atasema ilichongwa vibaya. Afadhali fundi mmoja apokee injini nzima, awalipe wenzake mwenyewe na kubeba dhamana ya yote. Akikataa, nenda ukawaone hao wengine karakanani kwao kabla ya kukubaliana naye.

Ukifika kwa mchongaji, angalia kwanza vifaa vyake vya kupimia, ndipo uangalie mashine. Silinda hailiki sawasawa: hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na hulika zaidi upande ambao pistoni inausukuma, hata ikawa na umbo la yai. Kwa hiyo hupimwa kwa saa ya silinda katika vina vitatu na katika pande mbili zinazokatana. Namba sita kwa kila silinda; kwa injini ya silinda nne ni 24. Fundi anayeingiza kidole, akapapasa ukingo na kutangaza kwamba injini ni nzima, hajapima kitu. Muulize pia kama hubori kabla pistoni hazijafika. Jibu sahihi ni hapana. Kwa 200Tdi pistoni za saizi kubwa zipo, kwa mfano za nyongeza ya milimita 0.5, lakini boksi si kipimo. Mchongaji makini hupima kila pistoni mpya kwa maikromita, kisha hubori silinda yake kuifuata. Mwishoni huipitishia mawe ya kulainisha ili ukutani ibaki michirizi ya kukatana, ambayo hushikilia oili huku ringi zikizoea.

Kranki ina siri yake. Ikisagwa, hupungua kwa hatua za robo milimita, na beringi hununuliwa za saizi hiyo. Nafasi inayobaki kati ya beringi na kranki, mahali oili inapopita, ni kama sehemu moja tu kwa elfu ya kipenyo: kwa shingo ya kranki ya milimita 60, karibu milimita 0.06. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni pembe, pale shingo inapokutana na ukuta wa kranki. Kiwandani pembe hiyo huachwa na mviringo. Jiwe la kusagia likikata pembe kali, nguvu zote za mipigo ya dizeli hukusanyika hapo, ufa huanza, na siku moja kranki hukatika barabarani. Mwombe mchongaji akuonyeshe kranki yoyote aliyoimaliza, uitazame pembe hiyo kwenye mwanga. Kwa macho tu utajua mengi kuhusu kazi yake. Muulize pia anatafutaje nyufa. Chuma huchunguzwa kwa sumaku na unga wa chuma; hedi ya 200Tdi, ambayo ni ya alumini, huchunguzwa kwa rangi ipenyayo au kwa kuijaza hewa yenye shinikizo ndani ya maji ya moto.

Usafi ni kazi nzima peke yake. Baada ya kubori, chembe za chuma na mawe huingia kwenye njia za oili, na njia hizo husafika tu vizibo vyake vikitolewa, zikapitishwa brashi na kupulizwa. Bloku iliyooshwa kwa nje na kupakwa rangi inayong'aa hainishawishi hata kidogo.

Fundi mzuri, kabla ya kutaja bei, atakuuliza injini inakwenda kwenye gari gani. Ile ya petroli hutoa msukumo wa chini ya Nm 170. 200Tdi ya Defender hutoa Nm 255. Giaboksi ya Series na nusu shafti za nyuma hazikuundwa kwa mzigo huo, hasa kwenye gari fupi, kwa kuwa 109 za baadaye zina difu ya Salisbury iliyo imara zaidi. Turbo inadai rejeta yenye uwezo na kipoza hewa. Dizeli haina mvuto wa hewa kwenye manifoldi wa kusaidia breki, hivyo pampu ya vakyumu lazima ibaki ikifanya kazi. Fundi asiyeuliza lolote kati ya hayo anaona injini tu, haoni gari.

Makubaliano yaandikwe, hata na ndugu yako. Malipo ya kwanza yawe ya kufungua na kupima, na baada ya hapo upewe karatasi ya vipimo pamoja na bei kamili. Yapo matokeo yanayobadilisha kila kitu: bloku yenye ufa, au silinda ambayo saizi ya mwisho haitoshi na lazima iwekwe slivu. Uwe na nafasi ya kusema hapana kabla hela nyingi hazijatoka. Dai vipande vya zamani virudishwe, kwa sababu beringi iliyotolewa husimulia namna injini ilivyoishi. Katika dhamana, soma yasiyohusika kuliko yanayohusika. Mara nyingi joto kupita kiasi huachwa nje, na kwa injini iliyohamishwa hilo ndilo linalotokea. Namba ya injini mpya nayo lazima iingizwe kwenye kumbukumbu za usajili, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, la sivyo kuuza gari kutakuwa kesi. Injini ya awali itunzwe ikiwa imepakwa oili na kufunikwa. Atakayelimiliki gari baadaye anaweza kuitaka.

Siku ya kuwasha, injini izungushwe kwanza bila dizeli mpaka shinikizo la oili lionekane kwenye geji. Ikishawaka, isiachwe ikinguruma bandani kwa saa nyingi, kwa maana ringi huzoea silinda zikiwa na mzigo. Bila mzigo kuta hujenga utando unaong'aa, na injini hula oili maisha yake yote. Iendeshwe barabarani kwa mzigo wa wastani, kasi ikipandishwa na kushushwa. Oili na chujio vibadilishwe ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo, na chujio hilo likatwe lifunguliwe mbele ya fundi aliyeifunga injini, mwangalie pamoja kilichonaswa ndani.