Madison, mahali bingwa wa nusukaputi alipoanza kufundwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, huko Boston, Harvey Cushing alikuwa bado anasomea udaktari alipoitwa kutoka kwenye viti vya watazamaji na kuambiwa amlaze mgonjwa kwa etha. Kazi hiyo hakuijua hata kidogo. Mgonjwa alifariki, na kijana akataka kuacha udaktari. Daktari mpasuaji alimtuliza: hakuwa na kosa. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Tangu etha ilipoonyeshwa hadharani mjini humo, Oktoba 1846, kisu kilishikwa na mkubwa, na dawa ya usingizi akakabidhiwa yeyote aliyekuwa karibu.

Cushing na mwenzake Ernest Codman walianza kuandika mapigo ya moyo na pumzi kwenye chati, wakishindana nani hodari zaidi. Lakini pa kujifunzia bado hapakuwapo.

Aliyepaanzisha ni Ralph Waters, ambaye mwenyewe alijifunza akiwa kazini huko Sioux City, Iowa, huku akitibu na kuzalisha. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimwita Madison. Alipokea madaktari kamili na kukaa nao miaka mitatu, wasishike barakoa tu bali pia waingie maabara waone gesi inavyofanya kazi mwilini. Kila juma walikutana kujadili wagonjwa wao, hasa pale mambo yalipokwenda mrama. Kwa maoni yangu, kikao hicho kilizidi thamani mitambo yote ya maabara hiyo. Kosa lililokuwa likinong'onwa koridoni sasa lilisemwa mbele ya wote, mkubwa na mdogo. Leo Marekani mafunzo ya ubingwa huu huchukua miaka minne, mmoja wa tiba ya jumla na mitatu ya usingizi, na vikao vya aina hiyo bado vipo.

Virginia Apgar alifika Madison mwaka 1937. Alikuwa akisomea upasuaji New York, lakini mkuu wake, Allen Whipple, alimshawishi abadilishe fani. Whipple aliona upasuaji hautasonga mbele bila wajuzi wa usingizi. Malazi ya madaktari wanawake hayakuwapo, basi siku za mwanzo akalala ofisini kwa Waters! Baadaye alikwenda hospitali ya Bellevue, New York, kwa Emery Rovenstine, aliyefundwa na Waters huyohuyo.

Mwaka 1938, uleule ambao Marekani iliunda bodi ya kuwatahini mabingwa wa usingizi, Apgar alikabidhiwa kitengo cha fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kupata madaktari wa kujiunga naye ilikuwa shughuli: malipo yalikuwa duni, na wapasuaji walizoea kuamuru. Alivumilia. Mwaka 1949 akawa profesa, na miaka mitatu baadaye, baada ya kuwatazama watoto wachanga wa akina mama aliowahudumia, akatoa kipimo cha alama 10 ambacho wakunga wa Afrika Mashariki hukijaza kila siku kwa jina lake.