Daftari za Hospitali katika Nchi ya Chai

Mulot ni mji mdogo wa soko uliokaa kando ya mto Amala, mahali kaunti ya Bomet inapopakana na kaunti ya Narok, ambapo Wakipsigis na Wamaasai wameuziana ng'ombe, mahindi na maziwa tangu zamani, na mara nyingine wakagombana. Mashamba ya chai hayafiki hapa. Huanza kukonda kadiri msafiri anavyoiacha Bomet nyuma yake na kupita Longisa, mpaka chai ikawa mahindi, na mahindi yakawa malisho. Lakini kinywaji chenyewe kimefika, tena kimejikita, wala hakuna mgeni aingiaye nyumba ya Mulot asimiminiwe kikombe cha chai ya maziwa kutoka katika chupa, hali kinafuka mvuke. Nakitaja kikombe hicho mapema kwa sababu, pamoja na kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kuganda, kimepata kushitakiwa mbele ya wanavyuoni wa mabara matatu. Magazeti ya siku hizi hulitaja jina la Mulot zaidi kwa habari za matapeli wa simu; nami naona ni haki watu wa upande huu wakumbukwe pia kwa fungu walilotoa, wengi wao bila kujua, katika taarikhi ya utabibu wa Afrika Mashariki.

Desturi ya wasimulizi ni kuianza taarikhi ya utafiti wa maradhi katika chuo kikuu, kwenye maabara na hadubini, kisha kushuka nayo hadi kijijini kama msaada uletwao na wenye maarifa. Katika nchi ya Kericho na Bomet mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa daftari ilitangulia na chuo kikafuata. Miaka mingi kabla ya mtaalamu yeyote kuja na swali, karani wa hospitali alikuwa ameketi mezani pake akipiga mistari na kuandika tarehe, jina, jinsia, umri, atokako mgonjwa, ugonjwa wake, na mwisho wake, ama kapona ama kafa. Hakuwa na dhana yoyote ya kuthibitisha. Aliandika kwa kuwa bwana wake alitaka hesabu, na kwa ajili hiyo maandishi yake yana amana ambayo mtafiti mwenye hoja yake mkononi hawezi daima kuwa nayo.

Daftari za kwanza kupata sifa duniani zilikuwa za mashamba makubwa ya Kericho. Kampuni za Brooke Bond na African Highlands Produce zilianza kupanda chai huko katikati ya miaka ya 1920, na kwa kuwa kazi ya kuchuma haina msimu wa kupumzika, zilikusanya vibarua kwa maelfu, wengi wao kutoka nchi za chini za Nyanza ambako homa ya malaria ilikuwa jambo la kila mwaka. Kericho yenyewe iko juu, penye baridi, na wenyeji wake hawakuwa na kinga ya mwili dhidi ya homa hiyo. Ikawa kila hali ya hewa ikiruhusu, maradhi hulipuka na kuua wakubwa kwa wadogo. Waajiri walijenga zahanati na hospitali, si kwa huruma peke yake, maana kibarua aliyelala kitandani hachumi. Mwaka 1950 jarida la matabibu wa Afrika Mashariki lilichapa makala ya tabibu Strangeways-Dixon juu ya dawa ya paludrini kama kinga kwa vibarua wa Kiafrika wa Kenya, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo ilidhaniwa kuwa homa imeshindwa. Haikushindwa. Daftari za hospitali za mashamba, ambazo zimehifadhiwa kwa mfululizo tangu katikati ya miaka ya 1960, zaonyesha jinsi idadi ya waliolazwa ilivyopanda tena, hasa tangu miaka ya 1980, wakati vimelea vilipoanza kuizoea dawa ya klorokwini.

Mwanzoni mwa karne hii ulimwengu ulikuwa ukiuliza kama kuongezeka kwa joto la dunia kumeipandisha malaria milimani, na ikaonekana kwamba ni mahali pachache sana katika bara zima palipo na hesabu ndefu ya wagonjwa, mwezi kwa mwezi, pamoja na hesabu ya mvua na joto ya mahali pale pale. Kericho ni mojawapo. Mwaka 2002 Simon Hay wa Oxford na wenzake, akiwamo tabibu Dennis Shanks aliyekuwa amezichambua daftari za mashamba, waliandika katika jarida la Nature kwamba katika vituo vinne vya milimani, yaani Kericho, Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi, hali ya hewa haikubadilika kiasi cha kuielezea homa, na kwamba lawama iangukie zaidi dawa zilizoishiwa nguvu. Wenzao walikataa. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenziwe waliupima upya mwenendo wa joto la vituo vile vile wakaona kuwa limepanda. Na mwaka 2011 Judy Omumbo, kwa kutumia vipimo vilivyohakikiwa vya idara ya hali ya hewa ya Kenya, alionyesha kwamba Kericho imepata joto kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi katika kila miaka 10. Wanavyuoni wa Ulaya, Marekani na Afrika wakawa wanahojiana kwa miaka tisa juu ya maandishi ya makarani ambao majina yao hayamo katika makala hata moja. Naikubali hoja ya Omumbo kuhusu joto, na ya Shanks kuhusu dawa. Sioni sababu ya kuichagua moja na kuiua nyingine.

Mashamba hayo hayo yaliwavuta pia watafiti wa ukimwi, ambao walikuja Kericho chini ya mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani, kwa kuwa watu waliokaa pamoja na kutibiwa hospitali moja ni rahisi kufuatwa kwa miaka. Hiyo ni habari yenye kitabu chake. Mimi nageukia upande wa Bomet, ambako daftari ilikuwa ya aina nyingine na maradhi yake ya kutisha zaidi.

Hospitali ya Tenwek iko juu ya mto Nyangores, ambao hukutana na Amala wa Mulot na kuwa mto Mara. Ilianza mwaka 1937 kama zahanati ya wamishonari wa World Gospel Mission, ikiendeshwa na wauguzi, na haikupata tabibu wa kudumu mpaka mwaka 1959 alipokuja Ernest Steury kutoka Marekani. Wakati huo huo, huko Makerere na Mulago, Uganda, mpasuaji Denis Burkitt alikuwa akionyesha kuwa maradhi yaweza kuchorwa ramani. Baada ya kueleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, alisafiri mwaka 1961 pamoja na matabibu wenzake Ted Williams na Cliff Nelson maili 10,000 kwa gari, wakiuliza hospitali moja baada ya moja. Na Williams mwenyewe alikuwa bingwa wa daftari, akizitunza za hospitali yake ndogo ya Kuluva, West Nile, kwa uangalifu ambao vyuo vingi vingeuonea haya. Baadaye Burkitt na Paula Cook waliziomba hospitali za misheni na za serikali ziwapelekee kila mwezi hesabu ya saratani walizoziona. Katika hesabu za namna hiyo ilidhihirika kwamba saratani ya umio haikusambaa sawasawa, bali imejaa mahali na kukosekana mahali pengine jirani. Na mwaka 1969 Ahmed na Cook walichapa katika jarida la saratani la Uingereza uchunguzi wao juu ya wingi wa ugonjwa huo magharibi mwa Kenya.

Umio ni ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake huja kimya, na mtu hushituka siku nyama inapokwama, kisha ugali, kisha uji, kisha mate yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa afikapo hospitali huwa amechelewa. Mwaka 2002 Russell White, mpasuaji wa Tenwek, pamoja na Mungatana na wataalamu Abnet na Dawsey wa taasisi ya saratani ya Marekani, walichapa katika jarida la Lancet habari iliyotolewa katika kumbukumbu za hospitali hiyo, nayo ni kwamba katika wilaya ya Bomet maradhi haya, ambayo kwingineko ni ya wazee, huwapata hata vijana wasiozidi miaka 30. Msomaji mwenye shaka aweza kuuliza kama umri ulioandikwa na karani ni wa kusadikika, maana mzee wa Kipsigis hulijua zaidi rika lake, kama ni Chumo au Sawe au Korongoro, kuliko mwaka aliozaliwa. Swali ni la haki, lakini hoja yenyewe haikusimama juu ya wazee. Kijana wa miaka 25 ana cheti cha shule, na mama yake yu hai. Kwa walio wengi Tenwek haikuweza kuponya, ikajifunza kuwawekea ndani ya umio mrija wa waya unaojitanua wenyewe, ili wapate angalau kumeza uji na kuzungumza na watoto wao bila kutema.

Lililonigusa zaidi katika habari hii yote ni uchunguzi ambao Michael Mwachiro na wenzake wa Tenwek walichapa mwaka 2016. Waliwaendea watu wazima 305 wasio na dalili yoyote, wakawaomba wakubali kumeza mpira wenye kamera. Yafaa kufahamu ombi hilo lina uzito gani. Mtu mzima wa afya hulazwa ubavu wa kushoto, koo limetiwa dawa ya ganzi, hung'ata kipande cha plastiki, na mpira mnene kama kidole hushuka huku mwili mzima ukitaka kuutapika. Ndani hunyunyiziwa maji ya iodini. Ngozi njema ya umio, yenye akiba ya wanga, hugeuka rangi ya kahawia, na mahali palipoharibika, ambapo akiba hiyo imekwisha, hubaki peupe. Vijipande vidogo vya nyama hukatwa na kupelekwa kwenye hadubini. Katika watu wale, 14 na zaidi katika kila 100 walikutwa na mabadiliko ambayo aghalabu hutangulia saratani, ingawa mengi yalikuwa mepesi. Hawa hawakuandikwa na karani bila kuulizwa. Walitoa ridhaa, wakavumilia.

Ikabaki kutafuta sababu, na hapo ndipo mila ilipoingia kizimbani. Mursik hutengenezwa hivi: kibuyu, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, husafishwa, kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hadi kiwe kaa, kaa hilo husagwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa kwa ufito uitwao sosiot, mpaka ukuta wote uwe mweusi na kutoa harufu ya moshi, kisha hutiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, hufungwa, na huachwa siku kadhaa. Ndiyo maziwa wanayonyweshwa wakimbiaji uwanjani mwa ndege warejeapo na medali. Mwaka 2013 wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Helsinki, walitangaza kwamba katika sampuli walizopima, ambazo zilikuwa chache, nyingi zilikuwa na kileo kidogo na asetaldehaidi ya kiasi cha kudhuru chembe za mwili. Habari hiyo iliwaudhi watu wengi, na naona hawakukosa haki yote: sampuli chache si hukumu, wala yaliyomo ndani ya kibuyu si sawa na yaliyotendeka ndani ya mwili. Kesi ya mursik ingali wazi.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa utabibu Eldoret mwaka 1990, ndicho kilicholichukua swali kwa utaratibu mpana zaidi. Diana Menya wa chuo hicho na Valerie McCormack wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon waliwalinganisha wagonjwa wa umio na watu wasio nao, wakiwauliza juu ya pombe, meno, moto wa jikoni na vinywaji. Na uchunguzi wa jinsi hiyo ulifanywa pia Moshi na Blantyre. Makala zao za mwaka 2019 zilionyesha kuwa pombe za kienyeji, chang'aa na busaa, zina sehemu yao, na kwamba wanywao vinywaji vya moto sana wamo hatarini zaidi kuliko wasubirio vipoe. Miaka mitatu kabla yake shirika hilo la Lyon lilikuwa limeamua kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vikaleta saratani. Na Kilimanjaro watu walikwisha kupimwa wakaonekana huanza kunywa chai yao kwenye nyuzi zaidi ya 70, yenye maziwa ikinywewa moto kuliko ya rangi. Maziwa yenyewe hayana hatia hapo. Kosa, ikiwa ni kosa, ni haraka ya kunywa, nayo hutibika kwa kukiacha kikombe mezani kitambo kidogo, jambo ambalo mwenye nyumba wa Mulot hatalipenda, kwa kuwa chai iliyopoa kwake ni dharau kwa mgeni.

Tangu hapo mashamba ya Kericho yamebadili wenyewe. Yaliyokuwa ya African Highlands Produce, yaani ya Finlay, yalinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na yaliyokuwa ya Brooke Bond, ambayo yalipitia Unilever na Lipton, yakaifuata kampuni hiyo hiyo mwaka 2024. Anunuaye mashamba hununua miti, viwanda, nyumba na hospitali pamoja na makabati yake. Na daftari ya mwaka 1965 haina bei katika mnada wa chai wa Mombasa. Mahali pake ni Eldoret, katika chuo chenye watu wanaojua kuisoma, au katika Nyaraka za Taifa pale Nairobi, pamoja na nakala yake, na majina ya wagonjwa yakisitiriwa, na majina ya makarani, kila yapatikanapo, yakiandikwa kwenye jalada.