Afya ya Akili Kazini: Kutoka Udhaifu wa Mtu hadi Hatari ya Kazi

Katika ofisi, viwanda na hospitali nyingi za Afrika Mashariki, afya ya akili ya mfanyakazi huchukuliwa kuwa jambo lake binafsi: akielemewa hushauriwa apumzike, amwone mshauri nasaha au ahudhurie semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo, yaani hali ya mtu kukabiliwa na mambo yanayozidi uwezo wake wa kuyamudu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba madhara mengi ya kiakili yanayotokea kazini yana mizizi katika namna kazi yenyewe ilivyopangwa, na kwa hiyo yanastahili kudhibitiwa kwa kanuni zilezile zinazotumika dhidi ya vumbi, kelele na kemikali.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka kutokana na wasiwasi uliopindukia na sonona, ambayo ni maradhi ya huzuni ya muda mrefu yanayomwondolea mtu hamu na nguvu ya kufanya shughuli zake, na kwamba hasara ya uzalishaji inakaribia dola trilioni moja za Marekani. Hata hivyo, takwimu za hasara zinaonyesha uzito wa mzigo bila kueleza unatoka wapi, na hapo ndipo nadharia za kazi zinapohitajika.

Mwaka 1979 mwanasosholojia Robert Karasek alionyesha kwamba shinikizo la kazi peke yake halitoshi kueleza madhara yanayompata mfanyakazi. Kinachodhuru zaidi ni shinikizo kubwa linapokutana na uhuru mdogo wa kuamua kazi ifanywe vipi na kwa mpangilio gani. Mwaka 1996 Johannes Siegrist aliongeza kipengele cha malipo kwa maana pana, akidai kwamba mtu hudhurika pale juhudi anazotoa zisipolingana na ujira, heshima na uhakika wa ajira anaoupata. Nadharia hizi mbili zinaeleza kwa nini mkurugenzi mwenye shughuli nyingi anaweza kubaki na afya njema, ilhali muuguzi wa zamu ya usiku anayehudumia wodi iliyofurika, asiye na kauli juu ya ratiba yake, akachakaa mapema kwa uchovu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, halikuuita uchovu huo wa kazi ugonjwa, bali liliuelezea kuwa hali inayohusiana na ajira, inayotokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa.

Iwapo chanzo kimo katika mpangilio wa kazi, basi tiba ya mtu mmojammoja haiwezi kuwa hatua ya kwanza. Wataalamu wa usalama kazini hufuata ngazi ya udhibiti wa hatari: kwanza hatari huondolewa kwenye chanzo chake, kisha hupunguzwa kwa kubadili mitambo na taratibu, na mwisho kabisa ndipo mfanyakazi hupewa kifaa cha kujikinga. Mkaguzi hawezi kuridhika na mgodi unaogawa barakoa huku vumbi likiachwa litimke bila kunyunyiziwa maji. Ushauri nasaha, pamoja na umuhimu wake usiopingika, umo katika daraja la barakoa.

Kesi ya wakaguzi wa maudhui jijini Nairobi inaudhihirisha mgongano huu. Wakaguzi hao, walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama iliyokuwa na mkataba na Meta, mmiliki wa Facebook, walichuja picha na video za mauaji, ubakaji na ukatili mwingine ili zisiwafikie watumiaji wa mtandao huo. Mwezi Desemba 2024 ilifahamika kwamba ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilieleza kuwa zaidi ya 140 kati yao walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao humfanya mtu aendelee kuliishi tukio la kutisha hata baada ya kupita. Meta ilieleza kuwa mikataba yake hudai kuwepo kwa ushauri nasaha na huduma za afya, na kwamba wakaguzi wanaweza kufifisha picha. Bila kuingilia mamlaka ya mahakama, inafaa kuona kwamba maelezo hayo yamechanganya hatua za aina mbili: kufifisha picha kunaigusa kazi yenyewe, ilhali ushauri humfuata mtu baada ya kuguswa na hatari. Maswali mazito zaidi, yaani mtu aangalie ukatili kwa saa ngapi, kwa kasi gani na kwa miezi mingapi kabla ya kuhamishiwa kazi nyingine, ni ya mpangilio wa kazi.

Sheria zilizopo zinatoa msingi, ingawa haujakamilika. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria kama hiyo ya mwaka 2007. Zote zinamwajibisha mwajiri kulinda afya za wanaomfanyia kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Lakini sheria hupima saa, haipimi uzito wa kazi ndani ya saa hizo: ofisa wa benki anayedaiwa malengo ya mauzo yasiyofikika anaweza kuvunjika moyo ndani ya saa halali kabisa. Likizo ya ugonjwa nayo haimsaidii mtu anayeogopa kusema anaugua nini, kwa kuwa unyanyapaa, yaani tabia ya kumtenga na kumdharau mtu kwa sababu ya maradhi yake, humfanya aone ni afadhali aonekane mvivu kuliko aitwe mwendawazimu.

Wapo wanaodai kwamba mfanyakazi huja kazini na matatizo ya nyumbani, yakiwemo madeni, ndoa na misiba, na kwamba si haki kumtwisha mwajiri mzigo asiousababisha. Hoja hii ina ukweli, lakini haiondoi wajibu. Mwenye pumu hakuipata kiwandani, lakini kiwanda hakiruhusiwi kumjazia moshi. Vivyo hivyo, mwajiri hawajibiki kwa kila huzuni ya mfanyakazi, bali kwa yale yaliyo mikononi mwake: idadi ya watumishi, ratiba za zamu, malengo ya kazi na mwenendo wa wasimamizi. Wengine huhofia gharama, ilhali hatua kadhaa, kama kutangaza zamu mapema au kumkomesha msimamizi anayetukana walio chini yake, hudai nidhamu ya uongozi zaidi ya fedha.

Njia ya utekelezaji haihitaji kubuniwa upya. Tathmini ya hatari ambayo waajiri tayari hupaswa kuifanya kuhusu mashine na moto ipanuliwe ijumuishe wingi wa kazi, matusi na unyanyasaji. Wakaguzi wa serikali wafundishwe kuitambua hatari isiyoonekana kwa macho. Na vyama vya wafanyakazi viingize masuala haya katika mikataba ya hali bora, ambayo mpaka sasa hutawaliwa na mishahara na posho. Aliyeugua naye arejee kazini hatua kwa hatua, kwa majukumu yaliyopunguzwa kwa muda, bila siri yake kutolewa kwa wenzake. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, iliyataja matatizo ya akili, hivyo nchi inayoyatambua katika sheria za fidia haitakuwa inaanzisha jambo geni. Itakuwa imemwondolea mgonjwa mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye si dhaifu, na kumtaka mwajiri athibitishe kwamba kazi aliyoipanga ni salama.