Malindi na Mwanga wa Kwasa Zilizofichika

Miongoni mwa mambo ambayo historia ya pwani ya Kenya huyataja kwa nadra ni kwamba falaki ya eksirei, yaani uchunguzi wa miale isiyoonekana kwa macho itokayo angani, ilipata setilaiti yake ya kwanza hapo Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi iliondoka kwenye San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, akaipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa kuwaenzi wenyeji. Orodha yake ya mwaka 1978 ilikuwa na vyanzo 339, kikiwamo 3C 273, ambacho ni kwasa, yaani kiini cha galaksi ambamo gesi inayoangukia shimo jeusi hung'aa kuzidi nyota zote za galaksi hiyo.

Zipo kwasa, hata hivyo, ambazo vumbi zito limezikinga zisionekane moja kwa moja, na njia ya kuzifichua ilitoka kwingine. Mwaka 1985, Robert Antonucci na Joseph Miller, wakiwa California, walichapisha uchunguzi wa NGC 1068, galaksi ambayo kwa mtazamaji wa Katumba, mkoani Katavi, hupita karibu na utosi. Walichuja mwanga uliopolarishwa, yaani ule ambao mawimbi yake hutikisika zaidi katika uelekeo mmoja baada ya kugonga chembe na kubadili njia, wakaona ndani yake alama za gesi iendayo kasi karibu na shimo jeusi. Ni sawa na mtu wa Katumba wakati wa kiangazi, ambaye ukuta humzuia kuona taa za lori, lakini huuona mwanga wake juu, kwenye vumbi lililotimka.

Mbinu hiyo sasa imefika kwenye eksirei. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa Florida Desemba 2021, imepima kiini kilichofunikwa cha galaksi ya Circinus, ambacho ni hafifu kuliko kwasa lakini pazia lake ni la aina ileile, na kukuta kwamba eksirei zinazoakisiwa humo zimepolarishwa kwa takriban asilimia 28. Data za IXPE huteremshwa duniani hasa kupitia kituo cha Malindi, na waandishi wa vitabu vya fizikia vya Afrika Mashariki hawana udhuru wa kuendelea kulinyamazia jambo hilo.