Mlango wa Pili wa Udaktari

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, vijana huniletea swali lile lile: je, mwenye alama dhaifu aombe nafasi ya kusomea udaktari, au asahau? Safari hii swali limetoka Kenyamonta, kata iliyoko wilayani Serengeti, mkoani Mara. Wakubwa wengi hulijibu kwa neno moja tu: haiwezekani. Ni jibu jepesi, tena historia yetu wenyewe inalikanusha. Taaluma ya tiba katika nchi hii haikuwahi kuwa na mlango mmoja. Ilikuwa na mlango wa mbele, wa wenye alama nzuri, na mlango wa pili, wa waliopimwa kwa kazi. Naomba, ndugu msomaji, tuutazame mlango huo wa pili: nani aliujenga, kwa nia gani, na kwa nini leo unazidi kuwa mwembamba.

Walioujenga kwanza ni wakoloni, na nia yao haikuwa njema. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwafundisha vijana wenye elimu ndogo kufunga vidonda na kutoa dawa za maradhi ya kawaida, kisha ikawarudisha vijijini kufanya kazi chini ya tawala za wenyeji. Hao ndio madresa ambao wazee wetu bado wanawakumbuka. Udaktari kamili kwa Mwafrika ulipatikana Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, lakini waliofika huko kutoka Tanganyika walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba baada ya miaka zaidi ya 40 ya utawala wa Mwingereza, nchi ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari 12 tu. Kwa mkoloni, basi, dresa alikuwa tiba ya bei nafuu kwa watu aliowaona kuwa wa bei nafuu. Mlango wa pili ulifunguka kwenye ukumbi mdogo usio na ngazi. Aliyeingia kama dresa alizeeka akiwa dresa.

Taifa huru halikuubomoa mlango huo, bali liliuwekea ngazi. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ilianzisha Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam, ambacho mwaka 1968 kilipandishwa kuwa kitivo cha Chuo Kikuu, na ndicho mzazi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa uhuru ilizaliwa kada ya Daktari Msaidizi. Tabibu aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa alirudi darasani kwa miaka miwili, akatoka akiwa na ujuzi wa kusimamia wodi na kufanya upasuaji, ukiwamo ule wa kumwokoa mama aliyeshindwa kujifungua. Hakuulizwa alipata nini katika Fizikia akiwa na umri wa miaka 17. Aliulizwa amewatibu nani, wapi na vipi.

Je, walikuwa madaktari wa kubabaisha? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliochunguza upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya upasuaji huo ilifanywa na Madaktari Wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada. Kwa wilaya za pembezoni, ushahidi huo una uzito mkubwa. Mjamzito wa Kenyamonta anayekimbizwa Mugumu usiku hana haja ya kujua daraja la kidato cha nne la anayemsubiri chumba cha upasuaji. Anachohitaji ni mkono unaojua kazi.

Wazo la kumpima mtu kwa kazi lilifika kileleni hapo hapo mkoani Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba vijana wasitoke sekondari moja kwa moja hadi chuo kikuu. Waende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi, kisha waombe nafasi wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Nisilipambe Azimio hilo. Mapendekezo yalimpa kiongozi wa tawi rungu la kumwinua ampendaye na kumzima asiyempenda, na kwa masomo ya sayansi kukaa miaka mingi nje ya darasa kulikuwa hasara. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, hatimaye yakaachwa. Lakini kosa lilikuwa katika kipimo kilichowekwa mikononi mwa wanasiasa. Swali lenyewe, kwamba je, cheti peke yake kinatosha kumjua mtu, lilikuwa la haki na bado halijajibiwa.

Leo mlango wa mbele unadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita. Wa pili bado upo: mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani wa juu. Hata hivyo anatakiwa pia aonyeshe ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza katika kidato cha nne. Nayo mafunzo ya Madaktari Wasaidizi yamesitishwa. Maana yake ni kwamba cheti cha utotoni, kilichopatikana katika shule ya kata ambayo pengine haikuwa na maabara wala mwalimu wa Hisabati, kinamfuata mtu mzima aliyekwisha kutibu maelfu.

Na cheti hicho kinapima nini hasa? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na idadi ya waliofaulu ikaongezeka. Karatasi zilikuwa zile zile na watoto wale wale, ila hukumu zilikuwa mbili. Baada ya hapo, nani anaweza kusema kwa kujiamini kwamba alama dhaifu ni picha kamili ya akili ya mtu?

Sisemi viwango vishushwe. Udaktari si sadaka, na mgonjwa hapaswi kulipa kwa maisha yake gharama ya huruma yetu. Ninachosema ni kwamba ukali wa kipimo na upofu wa kipimo ni vitu viwili tofauti. Tabibu aliyefanya kazi miaka mitano apewe mtihani mgumu wa taaluma yake, asimamiwe na madaktari, na akifaulu aruhusiwe kupanda bila kurudishwa kwenye dhambi za shule yake.

Kwa kijana aliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kama masomo ya sayansi yamekukwama, yarudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Hisabati usiiache. Ukipata ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, omba utabibu, usione aibu kuanzia huko, na tangu muhula wa kwanza linda wastani wako. Njia ni ndefu, lakini imepitwa na wengi kabla yako. Kwa wenye mamlaka, ninauliza tu: kama mkoloni aliufungua mlango huu kwa ubahili, na taifa changa likauwekea ngazi kwa busara, sisi tunaziondoa ngazi hizo kwa hoja gani?