Kivimbe Kilichodhaniwa Saratani

Umdhaniaye ndiye siye. Na katika elimu ya maradhi ya ngozi methali hiyo ina ushahidi wake. Kiko kivimbe kiwatokeacho watoto, aghalabu usoni au mguuni, ambacho chembe zake zikitazamwa kwa darubini hufanana mno na zile za melanoma, saratani ya ngozi iuayo. Mwaka 1948 Sophie Spitz, tabibu wa Marekani, alichapisha habari za watoto 13 wenye vivimbe vya namna hiyo. Hakuishia kwenye chembe, bali alifuatia pia yaliyowapata wagonjwa baadaye: aliyekufa alikuwa mmoja tu. Yeye mwenyewe aliendelea kukiita melanoma ya utotoni. Waliomfuata ndio waliothibitisha kuwa si saratani. Spitz alifariki mwaka 1956, na leo kivimbe hicho huitwa kwa jina lake. Hata sasa viko vinavyowatatiza mabingwa. Kwa hiyo hukumu haitolewi kwa darubini peke yake, bali hutazamwa pia umri wa mgonjwa na mwenendo wa kivimbe chenyewe.